Jozi ya USB na grauni iliyo chini yake: namna ya kuchora bodi isiyopoteza data

Bodi yangu ya kwanza ya USB ya kasi ilikuwa na milango minne. Njia zake za data, D+ na D−, nilizilinganisha urefu hadi sehemu ya kumi ya milimita. Nikichomeka flashi kwa kebo fupi, inasoma vizuri. Nikichomeka kwa kebo ya mita mbili, kompyuta inaipoteza na kuiona tena kila baada ya sekunde chache. Nilibadilisha chipu, nikalehemu upya konekta, nikanunua kebo nyingine. Kumbe kosa lilikuwa tabaka la pili, mahali nisipopaona: njia ya umeme wa volti 3.3, pana kama milimita moja tu, ilikuwa imeikata grauni vipande viwili, na jozi yangu ilikuwa inapita juu ya mkato ule.

Tangu siku hiyo naanza kuchora na grauni, halafu ndiyo naiweka jozi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Mfano wangu ni USB 2.0 ya kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, kwa kuwa ndiyo ambayo mafundi wengi hukutana nayo kwanza, lakini mambo ni yaleyale kwa Etheneti, HDMI, LVDS na jamaa zao.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Grauni ni shaba ya volti sifuri. Tabaka la grauni ni shaba hiyo ikiwa imetandazwa bodi nzima kama mkeka. Via ni kitundu kilichopakwa shaba ndani, kinachounganisha tabaka na tabaka. Jozi tofautishi ni njia mbili zinazobeba ishara moja kwa kinyume: moja ikipanda nyingine inashuka, na chipu inayopokea inasoma tofauti iliyopo kati yao.

Hatua ya 1: Jua ishara yako inapanda kwa muda gani

Usiangalie megabiti peke yake. Kinachoamua ni muda ambao volti inachukua kutoka chini hadi juu. USB ya megabiti 12, ile iliyomo kwenye chipu za ESP32-S3 na RP2040, hupanda kwa nanosekunde 4 au zaidi. USB ya megabiti 480 hupanda kwa karibu pikosekunde 500.

Juu ya bodi ya kawaida ya FR-4 (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi), ishara inayosafiri kwenye tabaka la nje hutumia karibu pikosekunde 6 kwa kila milimita. Kwa hiyo mpando wa pikosekunde 500 unachukua urefu wa milimita 83 za njia, na ule wa nanosekunde 4 unachukua zaidi ya milimita 660. Kanuni ninayoitumia ni kugawa urefu huo kwa sita. Njia ikiwa fupi kuliko jibu hilo, impedansi (ukinzani ambao wimbi linauona likisafiri, tutaupigia hesabu hatua ya 4) ikikosewa kidogo hakuna kitakachoharibika. Kwa megabiti 480 jibu ni milimita 14. Kwa megabiti 12 ni milimita 110.

Hii ina maana kwamba ukichora bodi ndogo ya ESP32-S3 ambayo konekta yake iko sentimita tatu kutoka kwenye chipu, huna sababu ya kulipia bodi ya tabaka nne kwa ajili ya USB peke yake. Iweke grauni nzima chini ya jozi na uendelee na mengine. Ukifika megabiti 480 na kuendelea, soma hatua zinazofuata kwa makini.

Hatua ya 2: Elewa mkondo unarudi wapi

Hapa ndipo kiini cha jambo lote kilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi tumefundishwa kwamba jozi tofautishi haina haja na grauni, kwa sababu mkondo unaokwenda kwa D+ unarudi kwa D−. Kwenye kebo ya nyaya zilizosokotwa maelezo hayo yanatosha. Kwenye bodi yenye tabaka la grauni karibu, mambo ni mengine. Mkondo wa masafa ya juu huchagua njia yenye induktansi (ukaidi wa njia dhidi ya mkondo unaobadilika haraka) ndogo kuliko zote, na njia hiyo ni shaba iliyo karibu zaidi na ule unaokwenda. Ikiwa D+ iko milimita 0.2 juu ya grauni, na katikati ya D+ hadi katikati ya D− ni karibu nusu milimita, basi jirani wa karibu wa D+ ni grauni. Sehemu kubwa ya mkondo wa D+ inarudi ndani ya grauni, moja kwa moja chini ya D+. Ya D− hivyohivyo chini ya D−, kwa mwelekeo wa kinyume.

Unasambaa kwa upana gani? Kwa njia moja iliyo kimo h juu ya grauni, nusu ya mkondo wa kurudi hubaki ndani ya umbali wa h kila upande, na karibu asilimia 80 hubaki ndani ya h tatu kila upande. Chukua rula uone. Bodi ya tabaka nne yenye h ya milimita 0.2: asilimia 80 iko ndani ya milimita 0.6 kila upande. Bodi ya tabaka mbili yenye h ya milimita 1.5: unahitaji milimita 4.5 kila upande kupata kiasi kilekile. Hicho ni kipande cha bodi kinachotosha kukatwa na njia nyingine kadhaa bila wewe kugundua.

Jozi ina faida moja ya kweli: mikondo yake miwili ndani ya grauni ni kinyume, kwa hiyo ukienda mbali kidogo inafutana. Ndiyo maana jozi huvumilia grauni mbovu kuliko njia moja. Lakini kufutana huko kunategemea njia zote mbili kuona grauni ya namna moja. Upande mmoja ukikatwa, ulinganifu unavunjika.

Hatua ya 3: Panga matabaka

Kwa bodi ya tabaka nne napanga hivi: juu ishara, la pili grauni, la tatu grauni, chini ishara. Umeme naupitisha kwa shaba pana juu na chini. Wapo wanaolifanya la tatu kuwa la umeme, na bodi zao zinafanya kazi, lakini jozi ikishuka chini mkondo wake wa kurudi unalazimika kupita kwenye kapasita ili ufike kwenye grauni. Kwa mtu anayeanza nasema weka grauni mbili. Utaondokewa na usumbufu mwingi.

Kabla ya kuchora, muulize mtengenezaji wa bodi unene wa kile kinachotenganisha tabaka la kwanza na la pili. Usikisie. Kwenye bodi ya milimita 1.6 ya tabaka nne mara nyingi ni karibu milimita 0.2, ila kila kiwanda kina karatasi yake.

Ukibanwa na bajeti ya tabaka mbili, inawezekana: njia pana, jozi fupi, grauni nzima chini bila kitu kingine, na grauni nyingine kando ya jozi kwenye tabaka la juu, iliyoshonwa kwa via kila milimita chache.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya impedansi

USB inataka omu 90 kati ya njia mbili. Etheneti, HDMI na LVDS zinataka 100. Omu hizi hazionekani kwa maltimita. Ni uwiano wa volti na mkondo wa wimbi linaposafiri, na unatokana na upana wa njia, nafasi kati yao, na umbali wa grauni.

Kwa makadirio, kanuni hizi mbili zinatosha:

Z0 = 87 ÷ √(Er + 1.41) × ln(5.98h ÷ (0.8w + t))

Zjozi = 2 × Z0 × (1 − 0.48 × e^(−0.96 s/h))

Hapa h ni kimo juu ya grauni, w upana wa njia, s nafasi kati ya njia mbili, t unene wa shaba, na Er ni tabia ya FR-4, karibu 4.4. Weka h = 0.2, w = 0.28, s = 0.2, t = 0.035, vyote kwa milimita. Z0 inatoka karibu 55, na Zjozi karibu 90. Ukitaka 100 kwa Etheneti, punguza w hadi 0.23, mengine yaache yalivyo.

Sasa fanya jaribio ambalo lingeniokoa mimi. Chukua njia zilezile za 0.28 kwa 0.2, uziweke kwenye bodi ya tabaka mbili yenye h ya 1.5. Zjozi inaruka hadi karibu omu 148. Hukugusa njia, umeisogeza grauni tu. Wimbi likitoka kwenye omu 90 na kuingia 148, karibu robo ya volti yake inarudi ilikotoka.

Angalia pia kile kifungu cha mwisho cha kanuni ya pili, maana ndicho kinachoonyesha kazi ya mwenza. Kwenye h ya 0.2, uwepo wa D− unapunguza impedansi ya D+ kwa asilimia 18 tu. Iliyobaki yote inaamuliwa na grauni. Kwenye h ya 1.5 mwenza anapunguza asilimia 42. Kadiri grauni inavyosogea mbali ndivyo njia mbili zinavyozidi kutegemeana.

Kanuni hizi ni za makadirio. KiCad, programu ya kuchorea bodi, ina kikokotoo chake cha njia pacha, na viwanda vingi vya bodi vina chao mtandaoni kinachotumia vipimo vyao halisi. Namba ya mwisho ichukue huko, hasa kama una grauni kando ya jozi, kwa sababu kanuni hizi haziioni.

Hatua ya 5: Chora grauni, kisha zima kila kitu kingine

Kwenye KiCad taja njia zako kwa mwisho unaolingana, kama USB_P na USB_N, ili programu ijue ni jozi. Jaza grauni kwa kubonyeza B. Halafu zima matabaka mengine yote, ubakize la pili peke yake kwenye kioo, na uliangalie kama unavyoangalia mkeka kutafuta palipochanika.

Cha kwanza kutafuta ni njia iliyopitishwa humo kwa sababu juu hapakuwa na nafasi. Iondoe. Ndiyo iliyoniponza.

Cha pili ni safu za matundu. Hapa wengi hatuoni, kwa hiyo tupime pamoja. Pini za kichwa cha kawaida ziko milimita 2.54 kutoka moja hadi nyingine, na duara la shaba la kila pini lina kipenyo cha milimita 1.7. Ukiiambia grauni ikae milimita 0.5 mbali na kila duara, kila pini inatoboa shimo la milimita 2.7 kwenye grauni. Hiyo ni zaidi ya 2.54, kwa hiyo mashimo yanaungana. Kichwa cha pini kumi kinakuwa mpasuko wa karibu milimita 25, na hakuna mtu aliyeuchora. Punguza umbali huo hadi 0.3: shimo linakuwa 2.3, na ukanda wa shaba wa milimita 0.24 unabaki kati ya pini na pini. Lakini kama umeweka upana wa chini wa shaba kuwa 0.25, programu itaukataa ukanda huo na mpasuko utabaki palepale. Shusha upana wa chini hadi 0.2, jaza tena, na utaona daraja likijitokeza kati ya kila pini mbili. Kabla ya kufanya hivyo hakikisha kiwanda chako kinakubali vipimo hivyo.

Via nazo ni vivyo hivyo. Zikipangwa mstari mmoja karibukaribu zinachana grauni. Zitawanye, uache shaba ipite kati yake.

Cha tatu ni grauni iliyogawanywa makusudi kuwa ya analogi na ya dijitali. Kwa bodi nyingi ninazoziona mgawo huo unaleta matatizo zaidi ya yale ulioletwa kutibu. Acha grauni iwe moja, na utenganishe vifaa kwa kuvipanga mbalimbali.

Hatua ya 6: Usivuke mpasuko

Daladala ya Dar es Salaam ikikuta Jangwani pamejaa maji inazunguka, na abiria wote wanafika wamechelewa. Mkondo wa kurudi ukifika kwenye mpasuko unafanya hivyohivyo: unatafuta ncha ya mpasuko, unazunguka, unarudi chini ya njia yake upande wa pili. Kitanzi kinapanuka, induktansi inapanda.

Kwa jozi kuna nafuu. Mkondo wa kurudi wa D+ na ule wa D− vinakutana ukingoni mwa mpasuko na kukatiza kwa pamoja, kwa kuwa ni kinyume, na juu ya mpasuko kila njia inamtegemea mwenza wake. Kwa hiyo data mara nyingi inapita. Impedansi inapanda kwa umbali huo mfupi, sehemu ya wimbi inarudi, lakini inapita. Ndiyo maana flashi yangu ilisoma kwa kebo fupi: nilikuwa bado na akiba kidogo ya ishara, na kebo ndefu ikaimaliza.

Kisichopata nafuu ni mkondo wa pamoja. Hakuna jozi iliyo sawa kabisa. Chipu haizipandishi njia mbili kwa wakati mmoja, urefu unatofautiana kidogo, njia moja inapita karibu na via. Tofauti hizo huzaa mkondo mdogo unaokwenda upande uleule kwenye D+ na D−, na huo hauna mwenza wa kumrudisha. Njia yake pekee ya kurudi ni grauni. Ukiikata, unatoka nje kwa kebo, na kebo inakuwa antena. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: kebo ya mita moja yenye mikroampea 5 za mkondo wa namna hiyo, kwenye megahezi 50, hutoa karibu mikrovolti 100 kwa mita ukipima kwa umbali wa mita 3. Hapo tayari umefika kikomo cha Marekani kwa vifaa vya nyumbani.

Kama huna namna na lazima uvuke, vuka kwa pembe mraba, njia zote mbili pamoja, mahali mpasuko ulipo mwembamba. Pande mbili zikiwa za grauni ileile, zishone kwa daraja la shaba hapohapo kando ya jozi. Zikiwa ni umeme na grauni, weka kapasita ndogo kila upande wa jozi. Lakini kwanza jaribu kuihamisha ile njia iliyoleta mpasuko. Karibu kila mara inahamishika.

Hatua ya 7: Ukishuka tabaka, shuka na grauni

Jozi inapopita kwenye via kutoka tabaka la kwanza kwenda la nne, mkondo wake wa kurudi nao unapaswa kutoka grauni ya pili kwenda ya tatu. Usipoupa ngazi, utaitafuta popote. Weka via mbili za grauni, moja kila upande wa via za ishara, ndani ya milimita moja hivi, kwa mpangilio unaolingana kushoto na kulia. Kwa USB 2.0 ushauri wangu ni mfupi zaidi: usishuke kabisa. Zungusha chipu au konekta mpaka jozi ikae juu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 8: Pale grauni inapotakiwa kuondolewa

Kuna mahali pawili. Kwenye Etheneti, ondoa grauni ya saketi katika matabaka yote chini ya transfoma, na kutoka transfoma hadi soketi. Transfoma iko pale kutenganisha pande mbili, na grauni ikipita chini yake inarudisha kelele upande wa kebo.

Pa pili ni chini ya pedi kubwa za kapasita au konekta kwenye ishara za gigabiti kadhaa. Pedi pana kuliko njia inashusha impedansi, na kutoboa dirisha dogo kwenye grauni chini yake kunaipandisha tena. Kwa USB 2.0 usijisumbue na hili.

Grauni unayomwaga kando ya jozi, ama iwe mbali angalau mara tatu ya upana wa njia, ama iingie kwenye hesabu. Na iwe umbali uleule pande zote mbili. Grauni iliyokaribia D+ na kuiacha D− mbali inazaa mkondo wa pamoja, yaani unajitengenezea tatizo la hatua ya 6 kwa mkono wako.

Hatua ya 9: Urefu

Milimita moja ya tofauti ni pikosekunde 6, wakati biti moja ya USB ya megabiti 480 inadumu pikosekunde 2083. Tofauti ya milimita moja au mbili haitaiua data yako. Rekebisha tofauti karibu na pale ilipozaliwa, kwa kawaida kwenye kona au penye pini za chipu, kwa kipinda kidogo kimoja. Nimeona bodi zenye nyoka mrefu wa kupendeza juu ya grauni iliyochanika. Muda ule wangeutumia kushona grauni.

Hatua ya 10: Ipime ikifika

Chomeka kifaa kwenye bodi kwa kebo fupi, kwenye kompyuta ya Linux, uandike `lsusb -t`. Kifaa cha kasi kinatakiwa kionyeshe 480M. Kikionyesha 12M, kifaa na bodi vimeshindwa kuelewana kwa kasi ya juu na vimeshuka. Kisha badilisha uweke kebo ya mita mbili, fungua `dmesg -w` kwenye dirisha jingine, na unakili faili kubwa la gigabaiti chache. Kila mara kifaa kikianzishwa upya utaona mstari mpya unatokea.

Ukiwa na osiloskopu, tengeneza kitanzi kidogo cha kusikiliza: chukua kipande cha kebo ya koaksi, kunja waya wa ndani kuwa duara la sentimita moja, ulehemu ncha yake kwenye wavu wa nje. Faili likiwa linanakiliwa, kipitishe polepole juu ya jozi kutoka chipu hadi konekta. Juu ya grauni nzima kinasikia kidogo. Mahali kinapopiga kelele ghafla, weka alama kwa kalamu, fungua mchoro, na uangalie tabaka la pili mahali palepale.